Je, Dawa ya Kusukutua Yatosha Kuondoa Ukoga wa Meno?

Mwezi uliopita baada ya misa ya pili mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni, chini ya mwembe pale watu wanapoegesha baiskeli. Akafungua mkoba, akatoa chupa yenye maji ya buluu. "Mama nesi," akasema, "hebu nitazamie hii. Binti yangu wa kidato cha pili fizi zake zinatoka damu. Dukani waliniambia hii inaua vijidudu vyote, hata mswaki si lazima sana. Sasa tuko chupa ya tatu na damu haikomi."

Nikamwuliza bei. Chupa moja shilingi 12,000. Nikamwuliza binti anapiga mswaki mara ngapi kwa siku. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema ukweli: tangu damu ianze kutoka, binti aliuogopa mswaki, akauacha. Anasukutua asubuhi na jioni, basi. Mswaki wenyewe ulikuwa umechanuka zamani, na hawakununua mwingine kwa sababu fedha zilikwenda kwenye chupa.

Mama huyo si peke yake, ndiyo maana nimeshika kalamu. Siku hizi chupa hizi zimejaa katika maduka ya dawa mpaka vijijini, na wazazi wengi huniuliza kama ni kitu cha kununua. Jibu langu si "ndiyo" wala "hapana" tupu, kwa hiyo nawaomba mnivumilie kidogo.

Kwanza tujue adui tunayepigana naye. Ukoga kila mtu anao, askofu na mkulima, mzee na mtoto. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula. La hasha. Chakula huulisha ukoga, lakini ukoga wenyewe ni utando laini wa vijidudu vingi mno, vilivyogandamana pamoja na kulishika jino kwa ute wao. Pitisha ulimi kwenye meno yako asubuhi kabla ya kuyasafisha, utausikia. Waliokulia kwenye maji ya mtungi watanielewa upesi. Mtungi ukikaa siku nyingi bila kusafishwa hufanya utelezi ndani. Ukitia maji safi, ukatikisa na kumwaga, maji yatatoka lakini utelezi utabaki pale pale. Mama zetu waliingiza mkono na kusugua. Ukoga nao ni utelezi wa namna hiyo hiyo.

Vijidudu hivi vikipata sukari hutengeneza asidi, na asidi hula jino mpaka linatoboka. Vikiachwa mpakani mwa jino na ufizi huuchokoza ufizi, ukawa mwekundu, ukavimba, ukatoka damu kwa kuguswa tu. Tena ukoga ukikaa siku kadhaa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki, wala kwa maji ya chumvi, wala kwa maji ya buluu; hauna budi kukwanguliwa na mtaalamu wa meno kwa vyombo vyake. Mtu akikaa na ugaga miaka mingi, ufizi unaweza kuachana na jino, mfupa unaoshika mizizi ukaliwa kidogo kidogo, na jino ambalo halijatoboka hata kidogo likaanza kucheza na mwisho likang'oka. Jambo hili huendelea kwa muda mrefu bila maumivu makubwa, na kwa hiyo watu huchelewa kuja hospitali.

Kwamba ukoga ndio chanzo, jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 1965 na daktari wa meno Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, fizi zao zilirudi katika hali njema kwa muda wa wiki moja hivi. Mzazi, uone jambo hilo: fizi zinazotoka damu, kama ugonjwa haujaingia ndani, zinapona kwa kusuguliwa. Binti wa yule mama alifanya kinyume. Aliona damu akaacha kusafisha, ukoga ukaongezeka, damu nayo ikaongezeka.

Sasa tuje kwenye chupa yenyewe. Dawa za kusukutua zenye kuua vijidudu si jambo la jana. Mnamo mwaka 1865 daktari mpasuaji Joseph Lister wa Uingereza alianza kutumia asidi ya kaboliki kuzuia vidonda visioze. Mwaka 1879 Mmarekani mmoja, Joseph Lawrence, alitengeneza maji ya kuua vijidudu katika mji wa St. Louis, akayaita Listerine kwa heshima ya Lister. Hapo mwanzo yalikuwa ya kusafishia vidonda na mahali pa upasuaji. Baadaye waliuziwa waganga wa meno, na tangu 1914 yakauzwa kwa watu wote. Kisha yakaja matangazo, na matangazo yana mambo yake. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba maji hayo huzuia hata mafua, mpaka mwaka 1975 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikaamuru wenye dawa watangaze kwamba si kweli. Mwaka 2005 jaji mmoja huko New York aliamua kwamba tangazo lililodai kusukutua ni sawa na kutumia uzi wa kusafishia meno lilikuwa la kupotosha. Nawasimulia haya ili muuza duka wetu akituambia kwamba mswaki si lazima sana, tujue kwamba maneno ya namna hiyo yalikwisha kupelekwa mahakamani yakashindwa.

Dawa yenye nguvu zaidi ya kupunguza ukoga ni ile iitwayo klorheksidini. Katika mdomo huitumia kwa asilimia 0.2, mahali pengine 0.12. Uzuri wake ni kwamba hujishika kwenye meno na ngozi ya kinywa, ikaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi baada ya kuitema. Mwaka 1970 Löe yule yule na mwenzake Schiøtt walionyesha kwamba mtu akisukutua mililita 10 za dawa hii mara mbili kwa siku, ukoga hauoti hata kama hapigi mswaki. Muuza duka akisoma hapo atashangilia! Lakini asome vizuri. Watu wale walianza na meno yaliyokwisha kusafishwa kabisa. Dawa iliukuta uwanja mtupu, ikazuia maadui wasijenge. Sisi tunaimwaga juu ya ukoga wa miezi na ugaga wa miaka, ambako haipenyi mpaka chini, na katika mifuko iliyo kati ya jino na ufizi maji ya kusukutua hayafiki kabisa.

Hata hivyo simo katika wale wanaosema kwamba dawa hizi ni maji ya rangi tu. Wodini nimeziona zikisaidia sana. Kijana aliyeanguka na pikipiki akafungwa taya kwa waya wiki nne au sita hawezi kupiga mswaki kama wewe na mimi. Huyu bila dawa ya kusukutua kinywa chake kitaoza. Aliyefanyiwa upasuaji kinywani hawezi kusugua penye mshono. Mgonjwa ambaye mikono yake haina nguvu, mwenye fizi zilizochachamaa kwa uchungu hata mswaki haugusi, hao wote naomba wapewe, na wapewe mapema. Kwa mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kutema, msimwagie dawa kinywani maana atapaliwa. Msafisheni kwa kitambaa safi au shashi iliyoloweshwa kidogo, akiwa ameinuliwa kichwa. Hii ndiyo kazi halisi ya dawa hii: kushika zamu mahali ambapo mswaki hauwezi kwenda, kwa siku zilizohesabiwa.

Nasema "siku zilizohesabiwa" kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka ya mwisho ya 1990 nilikuwa nesi kijana katika hospitali moja, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja akilalamika kwamba fizi zinatoka damu na wanafunzi wanageuza uso akiwasogelea. Meno yake ya chini ya mbele yalikuwa na ugaga mnene kwa nyuma. Kliniki ya meno ilikuwa mbali, nauli ilikuwa shida, na sisi tulikuwa na klorheksidini. Nikampa. Baada ya wiki mbili harufu ikapungua, mwalimu akafurahi, nami nikafurahi. Akarudi, nikampa tena. Tukaendelea hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Meno yakageuka rangi ya kahawia, akasema chakula hakina ladha, nikamwambia avumilie. Siku moja alikuja na leso iliyokunjwa vizuri. Akaifungua mezani kwangu. Ndani yalikuwamo meno mawili, mazima, hayana hata tundu. "Yametoka nikila muhindi," akasema. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Dawa yangu ilikuwa imeondoa harufu na kupunguza damu, yaani ilikuwa imemnyamazisha mlinzi huku mwizi akiendelea chini ya ufizi. Laiti ningesumbua wakubwa wangu wampatie nauli ya safari moja tu, pengine mwalimu yule angekula muhindi hadi kustaafu.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Nesi, hii dawa imeniponya, kinywa hakinuki tena," huwa sipigi makofi haraka. Namwomba afungue kinywa.

Kuna mambo mengine ambayo chupa haisemi kwa herufi kubwa. Klorheksidini ikitumiwa muda mrefu hupaka meno na ulimi rangi ya kahawia, hasa kwa wanywaji wa chai na kahawa, na sisi chai hatuiachi. Hubadili ladha ya chakula. Tena, ajabu yake, inaweza kuongeza ugaga, ule ule tunaoukimbia. Mara chache sana yuko mtu ambaye mwili wake huikataa kabisa. Akivimba uso au kubanwa pumzi aache mara moja na akimbizwe hospitali. Na msiichanganye na ile klorheksidini inayotumika mahali pengine kwa vitovu vya watoto wachanga: jina ni moja, lakini hiyo ni asilimia 7.1, kali mara nyingi kuliko ya kinywani. Asitokee mtu wa kuizimua nyumbani kwa kukisia.

Baadhi ya dawa nyingine za kusukutua zina kileo kupita asilimia 20, yaani kupita divai. Mwenye vidonda kinywani zitamchoma. Baba aliyeacha pombe kwa shida, akasaidiwa na mke wake na jumuiya yake, asiwekewe chupa ya namna hiyo bafuni. Zipo zisizo na kileo, someni karatasi ya chupa. Watoto wa chini ya miaka 6 wasipewe kabisa, maana bado hawajui kutema vizuri, watameza.

Na wale wanaosukutua kwa Dettol! Nimekutana nao, wala si mmoja. Dettol ni ya ngozi na sakafu. Mdomo usiitie kabisa, wala Jik.

Huku kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, hata Singida, tuna jambo jingine tena. Wazazi huleta watoto wenye meno ya madoa ya kahawia wakidhani ni ukoga, wanataka dawa ya kuyang'arisha. Madoa hayo mengi yanatokana na floridi nyingi iliyomo katika maji yetu ya kunywa, iliyoingia jinoni jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Magadi tunayopikia nayo yanaweza kuongeza floridi hiyo. Hakuna kusukutua kunakoondoa doa hilo. Mtoto asisuguliwe kwa mchanga wala kwa mkaa mpaka fizi zikatoka damu kwa kosa ambalo si lake.

Akina mama wajawazito nao nawakumbusha. Mnasema kwamba kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Mtoto hachukui jino. Wakati wa mimba fizi huvimba na kutoka damu kwa urahisi zaidi ukoga unapokuwapo, mama naye kwa kichefuchefu huuchukia mswaki, na hapo ndipo jino linapoanza safari. Pigeni mswaki hata kama damu inatoka, taratibu, kwa mswaki laini. Wenye kisukari vile vile wasikubali damu ya fizi ikae, kwa sababu ugonjwa wa fizi na kisukari huchocheana.

Mtaniuliza, sasa nyumbani tufanye nini? Fedha ya kwanza inunue mswaki laini kwa kila mtu, kila mmoja na wake, na ubadilishwe baada ya miezi mitatu hivi au mapema zaidi nywele zikichanuka. Fedha ya pili inunue dawa ya meno yenye floridi. Najua nimetoka kuilaumu floridi ya majini. Ile inamezwa kila siku tangu utotoni, hii inapakwa juu ya jino kisha inatemwa, na hulinda jino lisitoboke. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na mzazi amsugulie au amsimamie. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ile ya usiku kabla ya kulala ndiyo kubwa. Sugueni mpakani mwa ufizi na jino, si katikati ya jino peke yake panapoonekana mtu akicheka. Magego ya nyuma ndiyo husahauliwa. Ukimaliza, tema povu, usijisuuze kwa maji mengi ukaifukuza floridi.

Kama mswaki wa dukani hakuna, mti upo. Mswaki wa mti uliotafunwa ncha ukawa laini kama brashi, ukisugua meno yote mbele na nyuma, huondoa ukoga vizuri. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Kasoro yake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele tu wakitembea njiani, na mti hauna floridi.

Ufizi ukiuma au baada ya kung'oa jino, maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi moja, yanaliwaza vizuri kwa senti chache. Baada ya kung'oa subirini mpaka kesho yake, msije mkaiondoa damu iliyoganda ikiziba kidonda.

Na kama daktari au tabibu wa meno amekuandikia klorheksidini, itumie kama dawa, si kama manukato. Mililita 10, usukutue dakika moja, uteme, usijisuuze, usile wala kunywa kwa nusu saa. Iachanishe na dawa ya meno kwa nusu saa pia, kwa sababu povu la dawa ya meno huiharibu nguvu. Mwisho wa siku ulizoandikiwa, acha.

Hapo nina ombi kwa wenzangu wa zahanati na maduka ya dawa. Tunapotoa vidonge vya malaria tunaandika juu ya bahasha ni vingapi na kwa siku ngapi. Kwa nini chupa ya kusukutua tunaitoa kimya, kama soda? Tuandike: wiki mbili, na mswaki uendelee. Tena kabla ya kuitoa tumwambie mtu afungue kinywa tutazame kama kuna ugaga, na kama upo tumwandikie kwenda kukwanguliwa. Na walimu wa shule za bweni, katika ile orodha ndefu ya vitu vya kujiunga, jembe, ndoo na shuka, ongezeni miswaki miwili kwa muhula. Haitaumiza mzazi kama chupa tatu za buluu.

Kidonda chochote kinywani kisichopona kwa wiki mbili, jino linalocheza kwa mtu mzima, usaha kwenye ufizi, utando mweupe usiotoka, uvimbe wa shavu pamoja na homa: hayo si ya kusukutua. Njooni hospitali, na huo uvimbe wenye homa msiulaze hata usiku mmoja.

Binti wa yule mama alipelekwa kliniki ya meno hospitali ya wilaya. Alikutwa na ugaga kiasi, akakwanguliwa, akaonyeshwa namna ya kushika mswaki, akaambiwa asiogope damu. Jumapili iliyopita mama yake aliniita tena pale mwembeni. Damu ilikoma siku ya tisa. Alitaka tu kujua ile nusu chupa ya buluu iliyobaki aifanyeje. Nikamwambia aiweke juu kabisa, mbali na yule mdogo wake wa miaka minne, na fedha aliyoandaa kwa chupa ya nne anunue miswaki ya nyumba nzima. Wako sita.